Muziki wa Chumbani, Chumba cha Nani?

Kuna ugonjwa umetuingia sisi vijana tunaojiita waandishi. Ukituonyesha fidla mbili, viola na selo upande mmoja, na upande wa pili Mturuki mwenye saz yake ya shingo ndefu, tunapigwa na butwaa. "Wenzetu wameendelea," tunasema, "wameichukua ngoma ya kijijini kwao wakaipandisha hadhi." Halafu mtu huyohuyo akipita Bungu au Jaribu Mpakani jioni, akakuta kina mama wamekaa na ngoma zao, anaongeza mwendo kana kwamba anadaiwa.

Maneno hayo nimeyasikia kijiweni hapahapa Kibiti, pale washkaji wanapochajia simu na kubishana mpira. Mmoja alikuwa na video ya hafla ya namna hiyo, kwateti ya nyuzi na nyimbo za vijijini Uturuki, watu wametulia kimya kama msikitini. Akatoa hukumu: kwetu haiwezekani, ngoma za Rufiji ni kelele tu, hazina noti. Mwingine, anayejiona mlinzi wa mila, akaja juu: hata ikiwezekana isifanyike, maana ngoma ikishaguswa na fidla imekufa. Wakatazamana kwa hasira. Mimi nasema hao wawili ni ndugu tumbo moja. Wote wanaamini kuwa ngoma ya delta ni kitu kilicholala, kinachosubiri mtu wa mjini aje ama akiamshe ama akifunge kabatini. Wasininunie, nitawajibu wote kwa mpigo.

Tuanze na neno lenyewe. Wazungu wanauita muziki wa chumbani kwa sababu ulipigwa chumbani: watu wanne, watano, wanasikilizana bila kondakta wa kuwapungia fimbo, na wasikilizaji wamekaa karibu kiasi cha kusikia mpigaji anavyovuta pumzi. Basi hebu twende Unguja. Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri akajifunze kupiga kanuni. Mwaka 1905 vijana wa mjini wakaunda Ikhwani Safaa, wakaagiza ala kutoka hukohuko Misri, nchi ambayo wakati ule bado ilihesabiwa kuwa chini ya dola la Waturuki. Na ala hazisafiri peke yake. Zilikuja na namna za kupiga, na mojawapo inaitwa bashraf, kipande kisicho na maneno kinachofungulia hafla ya taarab. Waturuki wanakiita peşrev, nao neno hilo wamelichukua kwa Waajemi, maana yake kinachotangulia. Kina sehemu nne, na baada ya kila sehemu wapigaji wanarudi kwenye kiitikio kilekile. Udi, kanuni, fidla, nai, watu wachache chumbani wanasikilizana.

Sasa mshkaji wangu wa video, hapo unaona nini kama si Uturuki na fidla? Babu zetu wa pwani walishaupiga mchanganyiko huo zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na hawakuuita mchanganyiko. Waliuita taarab wakaendelea na shughuli zao. Halafu watu wa Ng'ambo, ambao hawakuwa na fedha za kununua kanuni, wakaichukua fidla ileile, wakaweka vidumbaki viwili, cherewa, na sanduku la mbao lililofungwa kamba kuwa besi yao. Hicho ndicho kidumbaki, na kinachezwa harusini mpaka watu wanasahau viatu. Hakuna mdhamini aliyewatuma.

Na hicho chumba chenyewe kilijengwa na nini? Ukiingia nyumba ya zamani ya Mji Mkongwe utaona vyumba ni virefu na vyembamba. Upana wake umekatwa na urefu wa boriti, na boriti ni mikoko. Mikoko mingi iliyopakiwa majahazini kwenda Unguja na mpaka Arabuni ilikatwa huku kwetu, kwenye delta ya Rufiji, na watu waliozama matopeni mpaka mapajani, mbu wakiwanyonya, wakisubiri maji yajae ili mtumbwi upite. Hebu fikiri. Bashraf ya Waturuki imepigwa chini ya paa la Wanyagatwa na Wandengereko. Jina la Mohamed Ibrahim tunalo. Jina la mkata boriti hata mmoja hatuna, wala wimbo aliokuwa akiuimba wakati wa kukata. Usiniambie hakuimba.

Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Fidla sina kesi nayo.

Turudi kwa Waturuki, maana tunawasifu bila kuwajua. Jamhuri yao ilitangazwa 1923, na wakubwa wao walitaka muziki mpya wa taifa: nyimbo za wakulima zichukuliwe, zivalishwe sauti za Ulaya, na muziki wa zamani wa mjini, ule wa kasri na wa bashraf, utupwe kando kwa kuwa eti ni wa Mashariki na umechakaa. Mwaka 1934 redio ikakatazwa kuupiga kabisa, na ikakaa hivyo karibu miaka miwili. Watu wakawa wanatafuta redio za Misri ili wasikie kitu kinachofanana na chao. Baadaye nyimbo za Wakurdi nazo zikaingizwa kwenye orodha ya redio zikiwa na maneno ya Kituruki, mwenyewe akageuka mgeni katika wimbo wa mama yake. Kwa hiyo anayetuambia tuige Uturuki aseme kwanza ni Uturuki upi. Kama ni ule wa kuamriwa, sisi tumeshaonja. Baada ya uhuru ngoma zetu zilikusanywa zikapelekwa mjini, zikakatwa zikawa za dakika chache, zikafundishwa kwa vijana waliozicheza zote kwa sare ileile, na leo afisa akitaka kumpokea mgeni anapiga simu: leteni kikundi cha ngoma. Kina mama wanatoka kijijini alfajiri, wanachezea juani, wanapewa soda na nauli pungufu, na mshereheshaji anasema, "Asanteni sana kikundi chetu cha burudani." Burudani! Watu wana majina.

Lakini uko Uturuki mwingine, na huo ndio ninaotaka kuuiga. Novemba 1936 mtunzi wa Hungaria, Béla Bartók, alikwenda kusini mwa Anatolia pamoja na mtunzi kijana wa Kituruki, Ahmed Adnan Saygun. Walibeba mashine ya kurekodi kwenye mitungi ya nta, wakazunguka kwa wafugaji wanaohamahama, wakarekodi kiasi cha nyimbo tisini. Bartók alikuwa mtunzi mkubwa wa kwateti, angeweza kuyabeba yale masikio yake akaondoka, akatunga, akapigiwa makofi. Badala yake aliandika. Nani kaimba, wa kijiji gani, ana umri gani. Ndiyo maana mpaka leo tunajua kwamba pale Osmaniye aliimba mzee wa miaka 70 aitwaye Ali Bekir oğlu Bekir. Huyu hakuwa waziri wala sultani. Alikuwa mtu aliyejua wimbo.

Au chukua Aşık Veysel, kipofu wa mkoa wa Sivas aliyepofuka utotoni kwa ndui, akafariki 1973. Nani alimtoa? Mwandishi! Ahmet Kutsi Tecer, mshairi aliyekuwa akishughulikia elimu pale Sivas, aliandaa sikukuu ya waimbaji wa vijijini mwaka 1931, na kuanzia hapo Veysel akaanza kujulikana kwa jina lake na kwa mashairi yake. Mwaka 1997 mpiga piano Fazıl Say alipotunga Kara Toprak, kipande ambacho mpigaji anaingiza mkono ndani ya piano na kuzibana nyuzi ili ilie kama saz, kila msikilizaji aliambiwa kimetoka kwa nani. Piano haikummeza yule kipofu. Ilimbeba. Na ilimbeba kwa sababu zaidi ya miaka sitini kabla yake mshairi mmoja alishika kalamu.

Ndugu waandishi wenzangu, mnaona tunapoelekea. Sisi hatupigi fidla. Wengi wetu hata gitaa tunalishika kwa ajili ya kupiga picha. Lakini kalamu tunadai tunayo. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, akauza vyungu, akaenda Bombay kurekodi santuri mwaka 1928. Shaaban Robert, mkubwa wetu sote, aliyefariki 1962, hakuona aibu kuacha tenzi zake akaandika wasifu wa mwimbaji. Sasa niambie, tangu hapo ni kijana gani wa Kibiti, Ikwiriri, Nyamisati au Mbwera aliyeandika wasifu wa hata kungwi mmoja? Kurasa tatu tu. Tunaandika mapenzi ya Dar, tunaandika UKIMWI na mafisadi kwa maneno tuliyoyasoma kwa wengine, tunaandika "ewe Afrika amka" wakati bibi wa nyumba ya pili anajua nyimbo mia na hatujawahi kumuuliza hata mmoja. Noma hii.

Sasa nigeuke kwa mlinzi wa mila, nisije nikaonekana nampendelea.

Wewe unasema ngoma ikiguswa na kitu cha kigeni inakufa. Haya. Kinjikitile wa Ngarambe, jirani yetu wa hukuhuku Rufiji, alinyongwa na Wajerumani pale Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, mwaka uleule vijana wa Unguja walipoanzisha Ikhwani Safaa. Mwaka 1969 Ebrahim Hussein alimpandisha jukwaani katika Kinjeketile. Jukwaa lile, mwanga, maonyesho yaliyogawanywa, mazungumzo ya kukariri, vyote hivyo ni vyombo vilivyotoka Ulaya. Je, Kinjikitile alikufa mara ya pili? Wanafunzi wa nchi nzima walimjua kwa sababu ya mchanganyiko huo. Na Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, wazee wa vina na mizani wakamlilia kwamba kaua ushairi. Ushairi uko wapi leo? Upo, na vina vipo, na wanaotunga bila vina wapo, wanagombania kurasa chache za majarida kama hili.

Tena ulinzi wako una upendeleo. Miaka ya tisini vijana wa uswahilini Dar waliichukua ngoma ya Kizaramo, wakaiunganisha na kinanda kidogo cha Casio na spika iliyopasuka, wakapata mchiriku. Hukusema ni sanaa. Ulisema ni uhuni, na ndivyo walivyosema wakubwa. Singeli ilipokuja, hukumu ikawa ileile. Lakini leo likija kundi la Ulaya na selo yake likaifuata ngoma ileile, nakujua bwana, utakuwa mstari wa mbele umevaa shati la kitenge. Casio na ngoma, uhuni. Selo na ngoma, utamaduni. Tofauti ni bei ya kiti tu.

Na hili la "hazina noti" niliulizie jirani. Justinian Tamusuza wa Uganda alitunga kwateti ya nyuzi yenye jina la Kiganda, Mu Kkubo Ery'Omusaalaba, ambamo wapigaji wanadonoa na kugongagonga kama wanaopiga ala za Buganda. Kronos Quartet ya Marekani iliiweka sehemu yake ya kwanza kwenye albamu ya Pieces of Africa mwaka 1992, na albamu hiyo ilipanda mpaka juu kabisa kwenye orodha ya muziki wa aina hiyo huko kwao. Mganda alitia noti mwenyewe. Hakungoja aje mtu amwambie kwamba ngoma ya kwao ina hesabu.

Hapa lakini nina neno zito, na ndilo lililonifanya niandike. Muziki wa chumbani tunao, na chumba chetu kina mlango. Mwali akiwekwa ndani, nyimbo anazofundishwa na kungwi ni za ndani. Wanaume hatuingii. Ni nyimbo fupi, zenye mafumbo, na maana yake inafunguliwa kwa mwenye haki ya kuijua. Mtu wa tamasha akija na vinasa sauti vyake akasema anataka "kitu halisi", mara nyingi ndicho hicho anachokitaka, kwa sababu kimefichwa. Na sisi wasomi wa kijiji, tunaojua Kiingereza cha kuombea maji, ndio tunaokuwa madalali. "Bibi imba tu, hawa wageni wazuri." Bibi anaimba kwa heshima. Wimbo unaondoka. Baada ya mwaka unarudi kwenye simu ya mtu, una piano chini yake, na kwenye maelezo pameandikwa: wimbo wa jadi, Tanzania.

Mtasema Bi Kidude alikuwa akipiga msondo wa unyago majukwaani mpaka Ulaya. Ni kweli, na wapo walionung'unika. Lakini Bi Kidude, aliyefariki 2013, alikuwa kungwi mwenyewe. Alijua anachokitoa na anachokibakiza, na jina lake lilikuwa kwenye tangazo kwa herufi kubwa kuliko za wote. Aliufungua mlango mwenye ufunguo. Hukwe Zawose wa Wagogo hali kadhalika. Alipokaa na Michael Brook wakatoa Assembly, jina lake liko juu ya jalada. Hao walichanganya na hawakupotea. Mimi namhofia asiye na jina.

Sheria ipo. Sheria ya Hakimiliki ya 1999 ina sehemu nzima kuhusu sanaa za jadi. Sasa nenda ukadai wimbo ulioandikwa "wa jadi" tu. Utamwambia hakimu ni wa nani? Wa delta? Delta haina sahihi.

Na muda hautungojei. Mwaka 2017 ilikuwa mauaji, na pikipiki zikazuiwa kutembea usiku Kibiti, Rufiji na Mkuranga. Nani angekesha ngomani wakati ule? Aprili 2024 mto ulifurika, mashamba ya mpunga yakaenda na maji, watu wakahama nyumba zao. Nyimbo za kuamia ndege zinaimbwa kwenye dungu, juu ya mpunga. Dungu likibebwa na maji na mwenyewe akahamia kwa mwanawe Mbagala, wimbo ule utaimbiwa ndege gani? Mwaka 1950 Hugh Tracey alizunguka Tanganyika akirekodi, na leo anayetaka kusikia alichokinasa anaandikiana na maktaba iliyoko Afrika Kusini. Redio Tanzania nayo ilirekodi ngoma kwa miaka mingi, kanda zikaachiwa TBC. Lakini kanda hazikufuati kijijini kukuuliza bibi yako alijifunza kwa nani. Hiyo kazi ni ya mtu mwenye miguu na daftari.

Basi daftari lenyewe la shilingi chache. Andika jina la mwimbaji kama anavyolitamka yeye, na kijiji, kama ni Salale andika Salale, usiandike "Pwani". Andika alifundishwa na nani, maana hapo ndipo utapata majina ya waliokwisha kufa. Muulize wimbo huu nani anaruhusiwa kuusikia, na akisema wewe huruhusiwi, funga daftari, kunywa chai yake, mshukuru, nenda. Kina dada mnaoandika, hapo ndipo sisi wanaume tunapokwama na ninyi mnaweza kupita, na sijui mnasubiri nini. Msitafsiri upesi. Kindengereko chake kiache kikae vilevile, hata kama wewe mwenyewe umeanza kukisahau kwa kuona haya mbele ya wenzako wa bweni.

Halafu hao watu wa kwateti waje. Nasema kwa moyo mweupe, waje na fidla zao na saz zao, sisi pwani hatujawahi kumfukuza mgeni mwenye ala. Wafikie Kibiti, wavuke kwa boti waone delta, wakae na bibi siku tatu kabla ya kufungua masanduku. Bibi ndiye aseme wimbo upi unatoka na upi unabaki ndani, wamlipe kama wanavyomlipa mpiga selo, na mkataba asomewe kwa lugha yake na mtu asiyekula kamisheni. Na siku ya hafla, ile karatasi ya programu ikichapwa, jina lake liwe juu, chini yake jina la aliyemfundisha, kisha wapigaji. Nafasi ikiwa haitoshi, wapunguze maneno ya mdhamini.